Je, Wajua? Kanzidata Yako Ilizaliwa Katika Toleo Gani

Igowole iko wilayani Mufindi, kwenye njia inayochepuka Nyololo kutoka barabara kuu ya TANZAM kwenda Kibao na Mtwango. Ni nchi ya chai, mbao na baridi. Huku, kama kwingineko Nyanda za Juu Kusini, si ajabu kukuta ofisi yenye kompyuta moja na faili moja lisilojulikana lilikotoka: orodha ya wanachama wa SACCOS, uzito wa majani mabichi ya chai, kumbukumbu za kliniki. Aliyelitengeneza alihama kikazi zamani, faili likabaki. Siku linapogoma kufunguka na kupelekwa kwa fundi Mafinga, fundi mwenye akili huanza na swali moja: hiki kitu kilitengenezwa kwa toleo gani? Safu ya leo inalijibu swali hilo.

Je, wajua kwamba tarehe ya kuundwa ambayo Windows hukuonyesha ni shahidi mbovu? Ukinakili faili kwenye flashi na kulihamishia kompyuta nyingine, nakala hupewa tarehe ya kuundwa ya siku hiyohiyo, ilhali tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho hubaki ya zamani. Ndiyo maana utakuta faili lililoundwa 2023 na kubadilishwa 2008. Windows haioni ajabu yoyote hapo.

Je, wajua kwamba mkia wa jina la faili nao hausemi mengi? Mkia wa .mdb ulianza na Access ya kwanza, Novemba 1992, ukatumika hadi Access 2003. Ndani ya mkia huohuo muundo ulibadilika mara kadhaa, na muundo mpya hausomeki kwa programu ya zamani. Mkia wa .accdb ulikuja na Access 2007.

Je, wajua kwamba faili la Access hujitaja lenyewe? Chukua nakala yake, si lenyewe, uifungue kwa programu ya kuonyesha baiti, mfano HxD, ambayo ni ya bure. Kuanzia baiti ya tano utasoma maneno Standard Jet DB, au Standard ACE DB kama ni .accdb. Baada ya maneno hayo kuna sifuri moja, kisha inafuata baiti ya 21, na hiyo ndiyo unayoitafuta. Ikiwa 00, injini ni Jet 3, ya Access 95 na 97. Ikiwa 01, ni Jet 4, yaani Access 2000, 2002 au 2003. Namba 02 ilianza na Access 2007, 03 na Access 2010, na zimeendelea kupanda. Huna HxD? Hata Notepad, ingawa itakujazia skrini takataka, itakuonyesha maneno yale ya mwanzo.

Tofauti ya 00 na 01 si ya mapambo. Jet 4 ndiyo iliyoleta Unikodi, ikakuza ukurasa wa ndani kutoka baiti 2,048 hadi 4,096, na ikapandisha ukomo wa faili kutoka GB 1 hadi GB 2.

Je, wajua kwamba Access 2002 na Access 2003, zisipoelekezwa vingine, zilitengeneza mafaili kwa muundo wa Access 2000? Kwa hiyo karani wa mwaka 2005 aliyenunuliwa Access 2003 ikiwa bado kwenye boksi aliacha nyuma faili linalosema 2000. Muundo wa faili ni kitu kimoja, programu iliyolitengeneza ni kitu kingine. Ukitaka kuitenganisha miundo ya kizazi hiki, fungua faili ndani ya Access, bonyeza Ctrl na G, kisha andika ? CurrentDb.Properties("AccessVersion"). Jibu la 07.53 ni Access 97, 08.50 ni Access 2000, na 09.50 ni muundo wa 2002 na 2003.

Je, wajua kwamba Access 2013 na zilizoifuata hazifungui kabisa faili la Access 97? Inabidi lipitie kwanza Access 2010, 2007 au 2003, ligeuzwe, ndipo lisogee mbele. Fundi anayetunza kompyuta moja kuukuu yenye Office 2003 chini ya meza huchekwa na vijana. Mimi naona ana busara.

Je, wajua kwamba Access haikuishia kwa wahasibu? Tanzania ilipoanza mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za kufubaza VVU mwaka 2004, kila mgonjwa alifunguliwa kadi mbili: CTC1 anayotembea nayo, na CTC2 inayobaki kliniki. Kanzidata ya kupokea taarifa za kadi hiyo ya pili ilijengwa kwa Microsoft Access, ikaitwa kwa jina la kadi yenyewe. Mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya imeguswa na VVU kuliko mingi nchini, kwa hiyo huku kanzidata hizi zilibeba watu wengi kwa miaka mingi. Mtunza takwimu anayerithi faili la namna hiyo kutoka kwa mtangulizi wake ndiye hasa anayepaswa kuijua baiti ya 21. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mahudhurio ya zaidi ya miaka kumi humo, na yakipotea hakuna wa kumuuliza.

Je, wajua kwamba mmoja wa mifumo ya hospitali maarufu zaidi duniani una ubini wa Access, na ubini huo ni wa Afrika Mashariki? Katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Access ulianza kazi mwaka 2001. Ulitengenezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na wataalamu wa Indiana, Marekani. Wagonjwa wa VVU walipoongezeka, ilionekana wazi kwamba Access haitatosha. Mwaka 2004 ikaanza kazi ya kubuni OpenMRS inayokaa juu ya MySQL, na Eldoret ikaanza kuitumia 2006. Leo OpenMRS iko katika nchi nyingi.

Na hiyo OpenMRS ina tabia nzuri kwa mpelelezi. Ndani yake kuna jedwali liitwalo liquibasechangelog, linaloandika kila badiliko la muundo lililowahi kufanyika: nani aliliandika, liko katika faili gani, na lilitekelezwa tarehe ngapi kwenye seva hii. Panga kwa dateexecuted, mstari wa juu kabisa ndio siku ya kuzaliwa. Laiti mifumo yote ingekuwa hivyo.

Je, wajua kwamba SQL Server ya Microsoft huandika toleo la kuzaliwa na hailifuti tena? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu.

Kila kanzidata ya SQL Server ina ukurasa maalumu, ukurasa wa 9 wa faili lake la kwanza, ambao injini huusoma inapoiamsha kanzidata. Humo mna namba mbili. Namba iitwayo dbi_version ni muundo wa sasa. Nyingine, dbi_createVersion, ni muundo wa siku kanzidata ilipozaliwa. Ya kwanza hupanda kila unapohamia seva mpya zaidi, ya pili haiguswi. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka michache ukarudi mfupi wenye majani mateke, lakini mkulima wa Mufindi akitaka kujua umri wake hatazami majani, anatazama shina. Shina la kanzidata ni hiyo dbi_createVersion.

Kuiona ni kazi ya dakika moja. Andika DBCC TRACEON (3604) ili majibu yaje kwenye skrini yako badala ya kwenda kwenye kumbukumbu za seva, kisha DBCC DBINFO ikifuatiwa na jina la kanzidata ndani ya mabano. Amri hii ya pili Microsoft hawaielezi katika miongozo yao rasmi, ila ni ya kusoma tu, haibadilishi kitu. Litamwagika gunia la maandishi. Tafuta humo hayo majina mawili.

Namba utakazoziona hazifanani na majina ya dukani. SQL Server 7.0 ni 515. SQL Server 2000 ni 539. Ya 2005 ni 611, ya 2008 ni 655, ya 2008 R2 ni 661, ya 2012 ni 706, ya 2014 ni 782, ya 2016 ni 852, ya 2017 ni 869, ya 2019 ni 904 na ya 2022 ni 957. Kata kipande hiki ukibandike ukutani.

Sasa utauliza, kanzidata inafanya kazi leo kwenye seva ya 2019, kuzaliwa kwake kunanihusu nini? Kunakuhusu. Kanzidata zilizozaliwa kwenye SQL Server 2005 na kuendelea, amri ya DBCC CHECKDB huzipekua pia thamani zilizomo ndani ya safu, mfano tarehe isiyowezekana au namba isiyo namba. Zilizozaliwa kabla ya hapo hazipekuliwi hivyo, hata zikihamishiwa seva mpya, mpaka mtu aiendeshe amri hiyo mara moja na nyongeza ya WITH DATA_PURITY na ipite bila kosa. Kuna na la pili. Tangu 2005 kanzidata mpya huwekewa hesabu ya uthibitisho kwenye kila ukurasa, CHECKSUM, ili uharibifu wa diski ugundulike mapema. Iliyohamishwa kutoka matoleo ya nyuma hubaki na mpangilio wake wa zamani hadi mtu aubadilishe kwa mkono. Tuseme AMCOS ya wakulima wa chai ilianza kupima majani kwa mfumo wa mwaka 2003, ikapanda seva kila baada ya miaka michache bila mtu kuligusa hilo. Ina mashine mpya na ulinzi wa kizamani, na ripoti ya ukaguzi inasema kila kitu ni kizima. Ukiona 539 kwenye dbi_createVersion, umejua kazi ya jioni hiyo.

Je, wajua kwamba safu ya create_date katika orodha ya sys.databases inaweza kukudanganya? Ukirejesha bakapu kwenye seva nyingine, tarehe huwa ya siku ya kurejesha. Na kile kiwango cha ulinganifu, 100 au 110 au 150, mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kukibadili kwa amri moja. Ukikuta 100 usikimbilie kusema kanzidata ilizaliwa SQL Server 2008.

Je, wajua kwamba kosa nalo linaweza kukupa jibu? Jaribu kufungua kanzidata ya SQL Server 2012 kwenye seva ya 2008 R2. Utakataliwa, lakini ujumbe wa kukataa utataja kwamba kanzidata ni ya 706 na seva inaishia 661. Kurudi nyuma hakuna. Na kwenda mbele nako kuna vituo: bakapu ya SQL Server 2000 haipokelewi na 2012, lazima ishuke kwanza kwenye 2005, 2008 au 2008 R2.

Je, wajua kwamba hakukuwa na dBASE I? Wayne Ratliff, mhandisi wa maabara ya JPL huko California, aliandika programu yake mwishoni mwa miaka ya 1970 akitaka kushinda ubashiri wa matokeo ya mpira wa Kimarekani pale kazini. Aliiita Vulcan. Ilipoingizwa sokoni ikapewa jina dBASE II, kwa sababu namba mbili inaonekana ya kitu kilichokwisha kukomaa. Biashara ni biashara.

Hapa kwetu zama hizo zilikuwa ngumu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo ukikuta mtu anadai ana kanzidata ya wilaya ya mwaka 1978, mwambie alete daftari.

Je, wajua kwamba faili la .dbf linajieleza kwa baiti moja, ile ya kwanza kabisa? 03 ni dBASE III. 83 ni dBASE III yenye maelezo marefu pembeni. 8B ni dBASE IV yenye maelezo hayo, F5 ni FoxPro 2 ya namna hiyohiyo, na 30 ni Visual FoxPro. Baiti tatu zinazofuata ni mwaka, mwezi na siku ya mara ya mwisho kuandikwa.

FoxPro si mgeni kwa Watanzania. Ng'ambo ya milima, katika bonde la Kilombero, ufuatiliaji wa kaya wa Ifakara ulioanza mwaka 1996 ulitunza vizazi, vifo na uhamaji kwa mfumo wa usajili wa kaya uliojengwa kwa FoxPro, na Rufiji nako vivyo hivyo. Microsoft walitoa Visual FoxPro ya mwisho, 9.0, mwaka 2004, na msaada wake ukakoma Januari 2015. Takwimu za watu wa bonde lile zilidumu kuliko programu iliyozizaa, ikabidi zihamishwe.

Je, wajua kwamba baiti ya 03 inaweza kuwa ya jana? Ramani za shapefile, zile wanazotumia maofisa misitu na wapima ardhi, hubeba maelezo yake ndani ya .dbf. QGIS ya mwaka huu ikihifadhi ramani ya kitalu cha misonobari, faili litaanza na 03 na kujitambulisha kuwa dBASE III. Muundo ni wa miaka ya 1980, kazi ni ya wiki hii. Ushahidi wa baiti moja usiufunge kesi.

Je, wajua kwamba majina ya safu huwa hayajui kusema uongo? dBASE haikuruhusu jina la safu kuzidi herufi 10. Data zinaweza kuhamishwa kwenda Access, kisha SQL Server, kisha mtandaoni, lakini wahamishaji wengi ni wavivu wa kubadili majina. Ukiona leo safu iitwayo JINA_MKULI au TAREHE_KUZ, herufi kubwa tupu na neno limekatwa katikati, bibi yake alikuwa .dbf. Oracle nayo iliishia herufi 30 kwa miaka mingi hadi toleo la 12.2. Access huruhusu 64, tena na nafasi katikati, ndiyo maana utakutana na safu iitwayo Jina la Baba Mzazi au Mlezi wa Mwanafunzi. Hiyo mara nyingi ni Access.

Je, wajua kwamba orodha ya mikoa ni saa nzuri kuliko baiti? Hii siipati kwenye miongozo ya wazungu, lakini huku inafanya kazi. Fungua jedwali la mikoa. Kama Manyara haimo, limetengenezwa kabla ya 2002, au kwa orodha ya kabla ya hapo. Kama Njombe, Katavi, Geita na Simiyu hazimo, ni kabla ya 2012. Kama Songwe haimo, ni kabla ya 2016. Kwa Nyanda za Juu kipimo hiki ni kikali zaidi, kwa sababu tulikatwa mara mbili. Faili linaloweka Makete, Ludewa na Njombe chini ya Iringa ni la enzi ya mkoa mkubwa. Faili linaloweka Mbozi na Ileje chini ya Mbeya halijasikia habari za Songwe. Tazama pia namba za utambulisho: Njombe ikiwa na namba kubwa kuliko mikoa yote ya zamani, maana yake iliongezwa baadaye kwenye jedwali lililokuwapo tayari. Ikiwa imekaa katikati kwa mpangilio wa alfabeti, jedwali lilizaliwa upya baada ya 2012.

Je, wajua kwamba simu iliyo mfukoni mwako ina kanzidata nyingi? Karibu kila programu ya Android hutunza mambo yake kwa SQLite, na WhatsApp ni mojawapo. Faili la SQLite huanza na maneno SQLite format 3. Kichwa chake kina baiti 100 kamili, na nne za mwisho ni namba ya toleo: 3039004 ni SQLite 3.39.4. Lakini tahadhari, hiyo ni namba ya SQLite iliyoandika mwisho, si iliyoanzisha. Wengi hukosea hapo, na ripoti zao husomeka vizuri sana huku zikiwa na jibu la swali lingine. Chimbuko tafuta kwenye majedwali: likiwepo liitwalo android_metadata, faili lilitengenezwa na simu au kishikwambi cha Android, hata kama umelikuta kwenye kompyuta.

Watunzaji wa SQLite wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2050, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye orodha ya miundo inayopendekezwa kuhifadhia data.

Je, wajua kwamba takwimu za MTUHA, zile zinazotoka kwenye vitabu vya zahanati, leo huingia DHIS2, na kwamba DHIS ya kwanza nayo ilikuwa Access? Ilianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Toleo la pili, la Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, linakaa mtandaoni juu ya PostgreSQL. Kenya ililieneza nchi nzima mwaka 2011 na Tanzania ikafuata. PostgreSQL ina faili dogo liitwalo PG_VERSION, lenye namba tupu, mfano 9.6 au 14, ambalo lasomeka hata kwa Notepad. Na seva ikiwa hai, amri SELECT to_timestamp(system_identifier >> 32) FROM pg_control_system() hukupa siku na saa kanzidata zake zilipoanzishwa, kwa sababu utambulisho wa mfumo umeundwa kwa saa ya wakati huo. Ila seva ikipandishwa toleo kwa pg_upgrade, huanzishwa makao mapya yenye utambulisho mpya, na saa huanza upya.

Je, wajua kwamba bakapu ya maandishi ndiyo rahisi kuliko zote? Ile ya mysqldump hutaja juu kabisa toleo la chombo na toleo la seva. Ile ya pg_dump hutaja yote mawili pia. Soma mistari kumi ya kwanza kabla ya kumpigia mtu simu. Kwa MySQL ya kabla ya 8.0, kila jedwali lilikuwa na faili la .frm, na kuanzia baiti ya 52 mna namba ya MySQL iliyoliunda. MySQL 8.0 ya mwaka 2018 iliyaondoa mafaili hayo, na kwa upelelezi huu ilikuwa hasara.

Je, wajua kwamba QuickBooks ya mezani ni mwaminifu ajabu? Fungua faili la kampuni, bonyeza F2. Dirisha litakalotokea lina orodha ya matoleo yote yaliyowahi kulitumia faili hilo. Mhasibu anayesema mfumo ulikuja naye anaweza kuulizwa kwa upole.

Je, wajua kwamba kutojali toleo kumewahi kupoteza watu 15,841 kwenye orodha? Uingereza, Oktoba 2020: waliothibitika kuwa na korona kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye mafaili ya .xls. Muundo huo wa Excel 97 hadi 2003 unaishia mistari 65,536. Ule wa .xlsx, uliokuja na Office 2007, unabeba 1,048,576. Serikali tajiri, kosa la mkia wa faili.

Na hiyo .xlsx kwa kweli ni kifurushi cha zip. Badili mkia wa nakala uwe .zip, ifungue, ingia docProps, soma app.xml. AppVersion ya 12 ni Office 2007, 14 ni 2010, 15 ni 2013, 16 ni 2016 na zote zilizofuata. Namba 13 Microsoft waliiruka.

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza inatunza daftari la miundo ya mafaili, PRONOM, pamoja na programu ya bure iitwayo DROID inayoyatambua? Ukiwa na folda ya mafaili mia tano yaliyorithiwa, anzia hapo badala ya kufungua moja moja. Mwenye Linux aandike tu neno file likifuatiwa na jina la faili.

Kwa wewe uliye na faili la namna hiyo kwenye droo: nakili kwanza, chunguza nakala, kisha andika toleo ulilolikuta kwenye karatasi na uibandike kwenye kompyuta, aje aikute atakayekufuata. Na kama ni .mdf ya SQL Server, usikubali fundi yeyote aiambatishe kwenye seva mpya ikiwa ndiyo pekee uliyonayo. Ikishaambatishwa hupandishwa toleo palepale, na hakuna amri ya kuirudisha.